Laptopu inawaka ila kioo cheusi tii: pima haya kabla hujatoa hela

Unabonyeza pawa, taa inawaka, feni unaisikia inapuliza, ila kioo hakionyeshi kitu. Hii ishu naletewa sana na karibu kila anayeileta keshaambiwa moja kati ya mawili, eti kioo kimekufa nunua kingine, au piga Windows upya. Yote yanaweza kuwa kweli ila mara nyingi sio, na la kwanza likiwa sio umetupa hela, la pili likiwa sio umepoteza picha za watoto na risechi ya chuo ambayo haina kopi popote. Kwaiyo kabla hujamwamini mtu yoyote pima mwenyewe, vipimo vyenyewe vingi havitaki hata bisibisi.

Cha kwanza kabisa jua giza linaingia hatua gani. Zima, washa, alafu kodoa macho. Je nembo ya HP, Dell, Lenovo au kampuni yoyote iliyotengeneza mashine yako inatokea? Kama haitokei kabisa basi Windows haihusiki hapo hata kidogo, hata uipige mara kumi, maana nembo hutokea kabla mashine haijafika hata kwenye diski, tatizo litakuwa umeme, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), kioo, waya wa kioo au bodi (sakiti kuu ya ndani). Kama nembo inatokea, vile vidoti vinazunguka zunguka ndo giza linaingia, hapo kioo chako kizima na waya wake mzima, mtu asikuuzie kioo, tatizo liko kwenye Windows au draiva ya grafiki, yaani programu inayoendesha picha. Na kama unakiona kimshale cha mausi kinatembea kwenye giza basi hapo ni Windows moja kwa moja.

Tuanze na wale ambao hata nembo hawaioni.

Chomoa chaja, chomoa flashi, mausi, waya wa HDMI, kila kitu kilichochomekwa pembeni. Kama betri ni ile ya kutoka nje itoe. Alafu bonyeza kitufe cha pawa ukishikilie sekunde 30 bila kuachia, rudisha chaja peke yake, washa. Hapa unamaliza umeme uliobaki kwenye bodi, na usiudharau huu mtindo, mashine iliyoganda baada ya umeme kukatika katika inaamka kwa hili tu. Lenovo nyingi za ThinkPad ambazo betri iko ndani zina kitundu kidogo sana chini ya mashine, unachomeka pini ya karatasi unabonyeza sekunde chache, kazi ni hiyo hiyo.

Bado giza? Sasa bonyeza Caps Lock. Kama kitaa chake kinawaka na kuzima kila ukibonyeza, mashine iko hai, inafanya kazi gizani, shida ni picha tu haikufikii. Kama kitaa hakibadiliki kabisa, mashine haijaamka. Na kama kinapepesa chenyewe bila kuguswa, hapo laptopu inaongea na wewe, hesabu.

HP nyingi zinatumia hicho kitaa cha Caps Lock au taa ya betri kutoa kodi, yaani ishara ya kilichoharibika, inapepesa mirefu kwanza alafu mifupi, inapumzika, inarudia. Mirefu 3 na mifupi 2 ni RAM. Dell za miaka ya karibuni zinatumia taa ya betri, inapepesa njano alafu nyeupe, njano 2 nyeupe 3 maana yake haioni RAM kabisa, njano 2 nyeupe 4 RAM ina hitilafu, njano 2 nyeupe 7 ni kioo. Chukua video ya hiyo taa kwa simu yako, hesabu taratibu ukiwa umetulia, alafu tafuta jina la modeli yako na hiyo hesabu kwenye tovuti ya kampuni husika maana kodi zinatofautiana kati ya modeli na modeli.

Alafu kuna kipimo cha tochi, hiki nakipenda kuliko vyote. Washa laptopu, ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu uilaze karibu na kioo, imulike kwa upande sio moja kwa moja, angalia kwa makini sana. Ukiona picha hafifu, nembo kwa mbali au maandishi kama yamefutwa, kumbe kioo kinachora picha ila taa yake ya nyuma ndo haiwaki. Hapo kwanza kama mashine inafika kwenye Windows bonyeza vitufe vya kuongeza mwanga, kuna watu mwanga umeshuka mpaka sifuri na hakuna kilichoharibika. Kama haubadiliki, ni taa ya nyuma, au waya wake, au kifyuzi kidogo kwenye bodi kinachopeleka umeme wa hiyo taa. Hiki kifyuzi fundi mzuri anakibadilisha kwa bei ambayo haifiki hata robo ya kioo, ila fundi asiyejua atakuuzia kioo, atakifunga, na bado kutakuwa giza.

Kipimo kinachofuata ni TV. Chomeka HDMI kwenye TV ya sebuleni au monita yoyote, washa mashine, subiri dakika mbili hivi, alafu bonyeza alama ya Windows pamoja na P, bonyeza mshale wa chini mara moja, Enter, ukikosa rudia. TV ikionyesha picha bodi yako kwa sehemu kubwa iko salama, RAM salama, Windows salama, shida ni kioo, waya wa kioo au kile kifyuzi cha taa ya nyuma, na unaweza kukopi mafaili yako yote hapo hapo ukitumia TV kabla ya kitu kingine chochote, kwakweli fanya hivyo. TV nayo ikiwa giza na Caps Lock haiitikii, shida iko kwenye RAM au bodi, RAM tunaifikia hapo chini. Wenye Dell wana kitu cha ziada, shikilia herufi D alafu bonyeza pawa huku bado umeishikilia, modeli nyingi zitapaka kioo kizima rangi moja moja, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Zikipita zote safi, kioo chenyewe kizima.

Waya wa kioo unapita kwenye bawaba, pale mfuniko unapojikunja, kila ukifungua na kufunga unajikunja nao, miaka ikienda unachoka. Dalili yake haifichiki, ukisogeza kioo mbele nyuma taratibu picha inakuja na kupotea, au inaonekana ukiwa umefungua nusu alafu ukifungua yote inakata. Huo ni waya, sio kioo, na waya ni rahisi zaidi.

Kuna kingine watu hawakitegemei, sumaku. Laptopu inajua imefungwa kwa sababu kuna kisensa kinachosikia sumaku iliyoko kwenye mfuniko. Sasa ukiweka simu yenye kava la sumaku pembeni ya kibodi, au ukabebesha laptopu juu ya laptopu nyingine, inaweza kudhani umeifunga, inazima kioo. Ondoa vyote hivyo mezani kwanza, haigharimu kitu.

Sasa RAM. Hapa ndo bisibisi inaingia, na hizi laptopu tunazonunua za mtumba kutoka Ulaya na Marekani, zile EliteBook na Latitude, nyingi mfuniko wa chini unafunguka kirahisi. Zima, toa chaja, fungua, alafu chomoa waya wa betri kwenye bodi kabla hujagusa kitu kingine chochote, hili halina mjadala. Gusa chuma chochote kikubwa kutoa umeme wa mwilini. RAM imeshikwa na vibanio viwili vya pembeni, vivute kwa nje, yenyewe itanyanyuka kwa mshazari, itoe. Angalia zile pini za dhahabu, mara nyingi utakuta zimefifia, zina utando. Chukua ufutio wa penseli, ule mweupe laini, futa pande zote mbili taratibu mpaka zing'ae, pangusa vumbi la ufutio kwa kitambaa kikavu, puliza kwenye tundu lake kwa blowa au brashi laini, usipulize kwa mdomo maana unapeleka mate. Rudisha kwa mshazari ule ule, sukuma mpaka pini zimezama karibu zote, ndo ubonyeze chini mpaka usikie vibanio vimelia tik. Kama ziko mbili weka moja tu, washa, kisha jaribu nyingine, kisha jaribu kwenye tundu la pili. Kwa njia hii unajua kama mbovu ni RAM au tundu.

Ukiweka RAM mpya mashine inaweza kukaa kioo cheusi dakika kadhaa mara ya kwanza, hasa zenye RAM ya kizazi cha DDR5, inaipima kwanza, usiizime kwa haraka. Na DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, kile kikato cha katikati kimekaa sehemu tofauti, kwaiyo ukiona inagoma kuingia usilazimishe, umenunua siyo.

Ukiwa bado umefungua, ile betri ya duara bapa kama sarafu, CR2032, itoe dakika tano alafu irudishe, hii inarudisha mipangilio ya BIOS (programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya Windows) ilivyotoka kiwandani, japo baadhi ya mashine mpya hazina. Kama hitilafu ilianza baada ya apdeti ya BIOS iliyokatwa na umeme, HP nyingi zina njia ya kujiponya, mashine ikiwa imezimwa na chaja imechomekwa shikilia alama ya Windows na B pamoja, bonyeza pawa sekunde mbili tatu achia pawa, endelea kushikilia hivyo viwili mpaka usikie mlio au uone inaanza kurudisha.

Haya, waliofika kwenye nembo alafu giza.

Kwanza bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Utasikia mlio mfupi na kioo kitapepesa, hapo draiva ya grafiki imeanza upya, na wakati mwingine picha inarudi hapo hapo. Kama unaona kimshale kwenye giza, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, Task Manager ikitokea bonyeza Run new task, andika explorer.exe, Enter, desktopu inarudi. Ikirudi hivyo angalia programu gani umeweka karibuni maana kuna kitu kinaizuia isijifungue yenyewe.

Ikigoma inabidi uingie Safe Mode, yaani Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu, na kwa kuwa huoni kitu unaingia kwa kulazimisha. Washa, ukiona vidoti vinaanza kuzunguka shikilia pawa mpaka izime, rudia mara mbili tatu, itakayofuata italeta ukurasa wa bluu wa marekebisho. Ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, alafu bonyeza 4, au 5 kama unataka na intaneti. Ikikuomba namba ndefu ya BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski) yenye tarakimu 48 usipaniki na usikubali mtu afomati, mashine nyingi za Windows 11 zinajifunga zenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft, na hiyo namba mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti yako hiyo hiyo, ingia kwa simu utaikuta kwenye sehemu ya vifaa vyako.

Ukiwa Safe Mode na kioo kinaonekana vizuri, kesi imeshaanza kujulikana, mara nyingi ni draiva. Fungua Device Manager, Display adapters, bonyeza kulia jina la grafiki, Properties, Driver, kama Roll Back Driver inabonyezeka ibonyeze, kama haibonyezeki chagua Uninstall Device, washa upya, alafu shusha draiva kutoka tovuti ya aliyetengeneza laptopu yako, sio zile programu za kutafuta draiva zenyewe. Kama giza limeanza baada ya apdeti ya Windows, kule kule Advanced options kuna Uninstall Updates, toa ya karibuni. Na mashine ambayo inaleta giza siku moja moja, hasa ukizima usiku ukawasha asubuhi, zima Fast Startup kwenye mipangilio ya pawa, hiyo haizimi Windows kikamilifu, inailaza nusu, na draiva mbaya zinaamkia vibaya.

Yote yakishindikana ndo upige Windows, ila kwanza toa diski, iweke kwenye kasha la USB, ikopi kwenye mashine nyingine.

Na kama vipimo vimeonyesha kweli ni kioo, usinunue kwa jina la laptopu peke yake. Modeli moja hiyo hiyo inatoka na vioo tofauti, kuna vya 1366 kwa 768 na vya 1920 kwa 1080, kuna vyenye pini 30 na vyenye pini 40. Mwambie fundi akitoe cha zamani mbele yako, pigeni picha stika ya nyuma yenye namba ya paneli, mnunue kinachofanana nayo. Asichomeke waya wa kioo betri ikiwa imeunganishwa, hivyo ndivyo vile vifyuzi vinavyoungua. Na kabla hajarudisha fremu na skrubu mwambie awashe, ufungue na kufunga mfuniko taratibu mara kadhaa huku unaangalia picha, usimlipe mpaka umeona haikati.