Kuzunguka Msitu wa Karura kwa baiskeli ya milimani: weka akiba ya miguu ya kurudia

Wengi huuona Msitu wa Karura, jijini Nairobi, wakiwa ndani ya matatu na kudhani ni tambarare. Ingia ndani uone. Ni hekta zaidi ya 1,000 za migongo ya ardhi iliyokatwa na mito, na ardhi yote inainama polepole kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukiingia kwa lango la Limuru Road ukaelekea upande wa Kiambu Road, kwa jumla unateremka bila kujua. Deni unalipa ukirudi. Nimewakuta vijana wenye mapafu kunizidi wakisukuma baiskeli kilomita za mwisho kwa sababu walitumia miguu yao yote mwanzoni. Mzunguko ninaoueleza hapa ni wa kilomita 15 hivi.

Hatua ya 1: Chagua siku. Udongo wa Karura ni mwekundu, na ukilowa unanata. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, unajaa kwenye uma wa mbele mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Mvua kubwa ikinyesha, ngoja siku mbili za jua. Ukipita njia ikiwa tope unachimba mfereji, na mvua inayofuata inaupanua.

Hatua ya 2: Punguza upepo. Kosa ninaloliona kila Jumapili ni tairi iliyojazwa kama ya barabara ya lami. Tairi ngumu inadunda juu ya mizizi badala ya kuishika. Mimi nina kilo 70 na natumia tyubu: psi (kipimo cha upepo wa tairi) 28 mbele, 30 nyuma. Usishuke sana chini ya hapo, maana tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe, upate pancha ya matundu mawili. Beba tyubu ya akiba, pampu, maji lita moja na nusu, na kitu cha kula. Helmeti haina mjadala.

Hatua ya 3: Dakika 20 za kwanza, endesha ukiweza kuongea. Hapa ndipo safari inaharibika. Njia ni pana, hewa ya asubuhi ni baridi, baiskeli inakwenda yenyewe. Jizuie. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, punguza mwendo.

Hatua ya 4: Kushuka mtoni. Simama juu ya pedali, zote mbili zikiwa usawa mmoja, visigino chini, makalio yakirudi nyuma ya kiti kidogo. Kidole kimoja kwa kila breki, vingine vishike usukani. Punguza mwendo *kabla* ya kona na kabla ya mizizi, kisha achia breki upite. Mzizi uliolowa unateleza kama sabuni. Uvuke kwa kuukata moja kwa moja, kamwe usiuvuke kwa mshazari. Nililijua hili kwa bega langu: nilibana breki ya mbele gurudumu likiwa juu ya mzizi, na kabla sijafikiri nilikuwa nimelala ubavu kwenye majani ya mkaratusi. Wiki tatu bila baiskeli. Tazama unakotaka kwenda, mita kumi mbele. Ukilikodolea macho jiwe, utaligonga.

Hatua ya 5: Badilisha gia kabla ya mlima. Baada ya mto, njia inainuka papo hapo. Ukingoja miguu ilie ndipo ubadilishe, cheni inalia nayo, inaruka meno, unasimama. Weka gia nyepesi ukiwa bado kwenye tambarare, pedali zikiwa laini. Kisha kaa kwenye ncha ya kiti, inamisha kifua, viwiko chini. Ukisimama juu ya pedali kwenye kokoto, gurudumu la nyuma linazunguka bure. Gurudumu la mbele likianza kuinuka, sogea mbele zaidi. Kanyaga duara sawasawa, bila kusukuma kwa vishindo.

Hatua ya 6: Wape njia waendao kwa miguu. Kuna wazee, watoto, na watu na mbwa wao. Piga kengele mapema, punguza mwendo, salimia. Palipo na alama ya kukataza baiskeli, shuka. Wala usijikatie njia mpya kati ya miti. Januari 1999 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alijeruhiwa kichwani hapa hapa alipokuja kupanda miti, wakati msitu ulikuwa unagawanywa viwanja. Kila ninapoona njia ya mkato iliyochimbwa na tairi naumia moyoni.

Hatua ya 7: Kula kabla ya kurudi. Ukifika upande wa mashariki, simama dakika kumi. Ndizi mbili, maji. Usingoje njaa, kwa sababu njaa ikishafika mlimani umechelewa. Kutoka hapa tumia gia moja nyepesi kuliko unayodhani unaihitaji. Milima ya kurudi si mikali yote, lakini ni mirefu, na kila ukidhani umefika kileleni kuna kona nyingine.

Ukifika nyumbani, usipige maji ya presha kwenye beringi. Yanasukuma grisi nje. Futa cheni kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la oili kwa kila kiungo, zungusha pedali nyuma, kisha ufute oili iliyobaki juu. Inayoachwa nje inashika vumbi jekundu, nalo linakula meno ya gia.