Sukari Inaposhuka Baada ya Kula

Mimi sukari ya damu ikishuka, huanza kwa vidole kutetemeka, kisha jasho jembamba, moyo kwenda mbio na njaa kali, ilhali nimekula saa mbili au tatu tu zilizopita. Ukila wanga mwepesi (kama soda au mkate mweupe) kwa wingi, sukari hupanda haraka, kongosho humwaga insulini, homoni ya kushusha sukari, kupita kiasi, na sukari huporomoka. Waliofanyiwa upasuaji wa tumbo la chakula hupatwa zaidi.

Dalili zikianza, pima kwanza kama una kipimo. Hili nalisisitiza, kwa sababu wasiwasi na uchovu hufanana nazo sana. Kwa asiye na kisukari, chini ya 3.0 mmol/L (55 mg/dL) ndiyo imeshuka kweli. Mwenye kisukari achukue hatua ikifika chini ya 3.9 (70). Kunywa nusu glasi ya juisi au meza gramu 15 za glukosi, subiri dakika 15, pima tena. Ikipanda, kula kitu chenye protini, la sivyo huenda ikashuka upya. Aliyezimia asilishwe wala kunyweshwa chochote. Itisha msaada wa dharura.

Kuzuia ndiko kunakonisaidia zaidi. Nakula kidogo kidogo kila baada ya saa tatu hivi, naanza na mboga na yai au maharage, wanga mwishoni. Soda na juisi tumbo likiwa tupu sinywi. Pombe bila chakula pia ni hatari.

Andika ulichokula, saa, dalili na kipimo, umpelekee daktari. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asibadili dozi mwenyewe.