Kufunga kikao cha amri setilaiti inapozama

Setilaiti ndogo iliyo kilomita 500 juu huizunguka Dunia kwa dakika 95 hivi, na katika kila mpito, yaani kila inapopita juu yako kabla ya kuzama chini ya upeo wa macho, kituo chako huipata kwa dakika 10 au pungufu. Muda uliobaki iko juu ya antena za wengine. Ufunguo wa siri wa kikao, yaani kipindi ambacho setilaiti inapokea amri zako, ukivuja, mwizi apate dakika chache, si siku nzima.

Kwenye programu ya chomboni weka vipima muda viwili. Cha ukomo kinafunga kikao sekunde 720 baada ya kufunguliwa, hata kama amri bado zinaingia. Cha ukimya kinafunga zikipita sekunde 90 bila amri halali. Halali ni fremu (kifurushi cha data) ambayo muhuri wake wa siri umehakikiwa. Kipima muda kikianza upya kwa fremu yoyote ile, mtu anayerusha kelele atakushikia mlango wazi mpaka ukomo. Vyote viwili vihesabu mapigo ya saa ya ndani tangu kompyuta iwake, si saa ya kalenda, kwa sababu saa hiyo ikirekebishwa kikao hukatika katikati au hurefuka. Kompyuta ikizima na kuwaka, kikao kimekufa.

Kila kikao kipewe ufunguo wake wa AES-GCM (njia ya kusimba data na kuipa muhuri), utokane na ufunguo mkuu pamoja na namba nasibu ya setilaiti, kisha ufutwe kikifungwa. Hapa ndipo wengi huteleza: kompyuta ndogo ikiwaka inaweza kutoa "nasibu" ileile ya jana, ufunguo ukajirudia, namba za fremu zikajirudia, na ulinzi wa GCM ukavunjika. Changanya humo kaunta ya vikao iliyo kwenye FRAM (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika), na uiongeze kabla ya kufungua, si baada.

Ombi jipya lililothibitishwa liue kikao cha zamani. La sivyo, kompyuta ya ardhini ikikwama utapoteza sekunde 90 za mpito mfupi ukingoja.

Kishawishi kikubwa ni kupakia programu mpya. Kwa biti 9,600 kwa sekunde, dakika 8 hazipitishi zaidi ya kilobaiti 576, na hiyo ni hesabu ya karatasi. Usirefushe ukomo, kata faili vipande vya baiti 200, setilaiti itunze orodha ya vilivyokosekana, mpito ujao uendelee hapo.

Kipima muda cha kukosa amri ni kitu kingine. Hicho ni cha siku kadhaa, na kikiisha kiiwashe redio upya bila kamwe kuzima uthibitishaji.

Ardhini nako VPN (njia salama ya kuingia mtandaoni kutoka mbali) ya mwendeshaji ikatike mpito ukiisha. Waliovamia mtandao wa KA-SAT, setilaiti ya intaneti, tarehe 24 Februari 2022 waliingilia kwenye VPN iliyosanidiwa vibaya, hawakuigusa setilaiti.