Ukiambiwa "tezi dume", fanya hivi

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji wa wanaume kwa miaka 22, lakini njia ya kupima na kutibu saratani ya tezi dume niliijua vizuri siku nilipoipita na kaka yangu mkubwa, nikiwa ndugu wa mgonjwa. Alikuwa na miaka 63. Miezi minane alilalamikia mgongo: akachuliwa, akanywa vidonge vya maumivu, akabadilisha godoro. Hakuna aliyefikiria tezi dume, hata mimi mdogo wake niliyekuwa nikihudumia wagonjwa wa aina hiyo kila siku. Bado inaniuma. Kwa hiyo nawaandikia walio katika nchi kama zetu, ambako bingwa wa njia ya mkojo yuko mbali, mashine za mionzi ni za kuhesabu, na wanaume wengi hufika hospitali saratani ikiwa imeshaingia mifupani.

Tuanze na neno lenyewe. Tezi dume si ugonjwa, ni kiungo, na kila mwanamume anacho. Imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kwa kijana uzito wake ni kama gramu 20. Anayesema "nina tezi dume" huenda tezi yake imevimba kwa umri, au ina maambukizi, au ina saratani. Uvimbe wa umri huanzia sehemu ya ndani, karibu na mrija, ndiyo maana hubana mkojo mapema: unaamka mara nne usiku, mkojo unakatikakatika, unamaliza na bado unahisi umebaki. Saratani nyingi huanzia sehemu ya nje, upande wa nyuma unaotazamana na njia ya haja kubwa, na hapo inaweza kukua miaka mingi bila kuugusa mkojo. Kukojoa vizuri si ushahidi wa uzima. Kaka alikuwa akikojoa bila shida yoyote.

Kwa hiyo usingoje dalili. Ukifika miaka 50, zungumza na daktari kuhusu kupima. Kama baba yako au ndugu wa tumbo moja aliugua, anza mazungumzo hayo ukiwa na 40 hadi 45. Sisi watu wa asili ya Afrika tumo katika kundi lenye hatari kubwa zaidi, nalo liingie kwenye hesabu yako.

Kipimo cha kidole na kipimo cha damu

Nimeona wanaume wakiinuka kitandani na kuondoka kwa kuogopa kidole. Wacha nikuambie kinachofanyika. Unalala kwa ubavu wa kushoto, magoti umeyavuta kifuani. Daktari anavaa glavu, anapaka mafuta ya kulainisha, anaingiza kidole kimoja, anaipapasa tezi kupitia ukuta wa njia ya haja kubwa, anatoa. Hata dakika haiishi. Unataka kujua anatafuta nini? Bonyeza ile nyama iliyo chini ya kidole gumba chako, kwenye kiganja. Tezi yenye afya huhisi hivyo, laini yenye kunesa. Sasa kunja ngumi, bonyeza kifundo cha kidole. Ugumu wa namna hiyo, au tezi yenye vinundu, ndio unaomtia daktari shaka.

Kipimo cha damu kinaitwa PSA. Kinapima protini inayotengenezwa na tezi dume, si saratani yenyewe. Wengi hutumia 4 kuwa mpaka wa kutia shaka, lakini namba hiyo hupanda pia kwa umri, kwa tezi iliyovimba, kwa maambukizi ya mkojo, na kwa mpira wa mkojo uliowekwa karibuni. Usikutane kimwili wala usiendeshe baiskeli siku mbili kabla ya kutoa damu. Kama umetoka kutibiwa maambukizi, subiri wiki kama sita. Na ukiwa unatumia finasteride au dutasteride za kupunguza uvimbe wa tezi, mwambie daktari bila kusahau: baada ya miezi kama sita dawa hizo hushusha PSA hadi karibu nusu, na 3 inayosomeka kwenye karatasi inaweza kuwa 6.

PSA ya kaka ilikuja 146. Namba kubwa kiasi hicho mara nyingi maana yake ugonjwa umesambaa. Hata hivyo karatasi ya damu peke yake haikupi jina la ugonjwa wala ukali wake. Lazima kichukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi cha kupimwa maabara.

Kinyama, na safari yake hadi maabara

Sindano maalumu hupita njia ya haja kubwa, au ngozi iliyo nyuma ya korodani, na kuchukua vipande vyembamba, kwa kawaida 10 hadi 12. Kabla yake utapewa antibayotiki. Taja dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda. Damu kidogo kwenye mkojo au choo kwa siku chache ni kawaida, na shahawa zinaweza kubaki na rangi ya damu kwa wiki kadhaa. Homa na kutetemeka si kawaida: rudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Na yale maneno kwamba saratani "ikiguswa na chuma inasambaa" yasikuzuie. Inasambaa kwa kuachwa.

Sasa jambo ambalo halimo kwenye vitabu vya uuguzi. Vipande vya kaka vilikaa wiki tatu juu ya kabati, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuvipeleka maabara. Sisi nyumbani tunangoja majibu, chupa inangoja mchukuzi. Tangu siku hiyo nawaambia ndugu wa wagonjwa: kabla hujatoka, hakikisha chupa ina fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) na jina kamili, uliza nani anaipeleka na lini, andika namba ya sampuli, kisha baada ya siku mbili tatu piga simu maabara wakuthibitishie wameipokea. Ni vilevile mzee akifanyiwa upasuaji wa kufungua mkojo. Nyama iliyokwanguliwa ipimwe, isitupwe.

Kwenye jibu tafuta alama ya Gleason. Ni jumla ya namba mbili, siku hizi kuanzia 6 hadi 10, na kadiri inavyopanda ndivyo saratani inavyokuwa kali. Mpangilio nao una maana: 4+3 ni kali kuliko 3+4, ingawa zote ni 7. Ya kaka ilikuwa 4+4. Omba nakala, ibaki kwenye bahasha yako, maana mafaili hupotea.

Kisha hutafutwa kama ugonjwa umetoka nje ya tezi. Pakiwepo mashine za picha za ndani ya mwili, yaani MRI, CT au skani ya mifupa, vizuri. Pasipokuwepo, eksirei ya uti wa mgongo na nyonga pamoja na altrasaundi husaidia, ingawa hazioni madoa ya mwanzo.

Matibabu

Saratani iliyo ndani ya tezi na yenye alama 6 huenda isihitaji tiba sasa. Hufuatiliwa kwa PSA, kidole na kinyama cha marudio. Kufuatilia ni kazi ya kweli, kwa hiyo usikubali kama huna hakika ya kurudi kliniki. Iliyo kali zaidi lakini haijasambaa hutibiwa kwa kutoa tezi yote au kwa mionzi. Mionzi huchukua wiki kadhaa, siku tano kwa wiki, basi tafuta kwanza mahali pa kulala mjini, na uulize kama mashine inafanya kazi kabla hujapanda gari.

Iliyosambaa huishi kwa homoni ya kiume. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins na mwenzake walionyesha kwamba ukiikata homoni hiyo saratani hunywea, na mwaka 1966 Huggins akapewa Tuzo ya Nobel. Njia kuu ni mbili: sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, au upasuaji mdogo wa kutoa korodani. Sindano ya kwanza aina ya goserelin au leuprorelin hupandisha homoni kabla ya kuishusha, kwa hiyo uliza kuhusu vidonge vya bicalutamide, vinavyoizuia homoni hiyo isiilishe saratani, vitangulie.

Hapa ndipo familia hukwama. Kaka aliposikia "kutoa korodani" aligeukia ukutani. Nikamwachia jioni nzima, kisha nikamweleza: sindano nayo inafanya kazi ileile, na siku isipopatikana dukani, au pesa ikikosekana, homoni inarudi na ugonjwa nao. Upasuaji unafanyika mara moja, na homoni hushuka ndani ya saa chache. Shemeji akamshika mkono, akasema, "Mimi nakutaka wewe, baba watoto." Alifanyiwa asubuhi ya Alhamisi. Jumamosi usiku alilala hadi alfajiri bila kuamshwa na mgongo, mara ya kwanza tangu mwaka uliotangulia.

Msimfiche mgonjwa gharama ya mwilini: hamu ya tendo la ndoa huondoka, joto hupanda ghafla, misuli na mifupa hulegea, sukari inaweza kupanda. Atembee kila siku. Uliza pia kama anafaa kuongezewa abiraterone (vidonge vya kuikata homoni zaidi) au docetaxel (dripu ya kuua saratani). Zote zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Na maumivu yakizidi, morfini ya kunywa ni haki yake. Ikitolewa kwa kipimo, haimfanyi mtu kuwa mlevi.

Jambo moja halingoji kliniki: miguu ikiishiwa nguvu au kufa ganzi, au mkojo na choo vikigoma ghafla huku mgongo ukiuma, uti wa mgongo unabanwa. Mpeleke siku hiyohiyo. Aliyeacha kutembea mara nyingi harudii kutembea.

PSA ya kaka ilikuwa 1.2 mwezi wa sita baada ya upasuaji. Anapima kila miezi mitatu, maabara ileile, na tarehe ameziandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya mlango wa chumba chake. Sisi wadogo zake watatu tulipima wiki aliyotoka wodini.