Kuilaza R44 mlimani usiku wa dhoruba

R44 ni helikopta ndogo ya viti vinne. Kabla ya kushika kamba, amua kama inapaswa kubaki hapo. Hakuna kamba inayokinga kama banda. Kama mafuta yanatosha na kuna uwanja uliokingwa umbali wa dakika chache, ihamishe mapema, wingu likiwa bado mbali. Hesabu sekunde kutoka mwako wa radi hadi mngurumo, gawanya kwa tatu, utapata kilomita. Ukipata kumi au pungufu, usiwashe injini tena. Upepo baridi hutangulia mvua na huja kutoka upande wa wingu, hata kama mchana kutwa upepo ulivuma kutoka kwingine. Nyanda za juu za Kenya na Tanzania wakati wa masika, mawingu hayo huiva alasiri, kwa hiyo saa nane kazi ya kufunga iwe imeshaanza.

Mahali pa kuilaza pana makosa matatu yanayorudiwa. Kileleni upepo ni mkali. Kwenye kipito kati ya vilima viwili ni mkali zaidi, kwa sababu hewa inabanwa. Na korongoni, hata kama mchanga umekauka, maji ya mvua iliyonyesha mbali yanaweza kufika usiku. Tafuta tambarare ngumu, mbali na mti uliosimama peke yake, pua ikielekea upande wa wingu. Fyeka nyasi kavu kabla ya kutua au mara tu baada yake, maana ekzosi ya R44 inaweza kuziwasha. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi weka mbao chini ya skidi (bomba mbili ndefu ambazo helikopta husimamia), upana wa sentimita 20 au zaidi. Udongo huo ukilowa hulainika na kunata, na asubuhi utakuwa umeishika skidi moja zaidi kuliko nyingine.

Kinachoumia kwanza ni mapanga ya rota, yale yanayozunguka juu. R44 ina mapanga mawili yaliyoungana juu ya mhimili mmoja kama bembea ya ubao: moja likiinuka, la pili linashuka. Yakizunguka, kani ya mzunguko huyanyoosha. Yakisimama, yanategemea ugumu wao tu na vizuizi vidogo kwenye kichwa cha rota. Upepo ukiingia chini ya panga la mbele, la nyuma linaupiga mkia. Pigo moja linaweza kubonyeza bati, na mkia uliobonyea hauruki mpaka fundi aukague.

Kwa hiyo geuza mapanga yalingane na mwili, moja mbele, moja nyuma. Vuta breki ya rota. Shusha kolektivu (wenzo wa kupandisha na kushusha helikopta) hadi chini, weka saikliki (usukani wa kuielekeza) katikati, kaza friksheni zote mbili, yaani vikazo vinavyozizuia zisisogee. Vika soksi (mfuko wa kitambaa wenye mkanda) kwenye ncha ya panga la nyuma, zungushia mkanda wake mkiani, kisha kaza hadi panga litulie. Lisipinde zaidi ya linavyoinama lenyewe. Ukilikaza kupita kiasi unalibebesha mzigo usiku kucha, na kila pigo la upepo linaongeza juu yake. Ukilegeza sana, panga linapata nafasi ya kurukaruka, na mkanda unageuka nyundo. Huna soksi? Usifunge kamba tupu kwenye panga, kwa sababu ukingo wake wa nyuma ni mwembamba na kamba itaukata. Geuza mapanga yakingame na mkia, ili panga likishuka likute hewa, si mkia. Hiyo ni nusu ya kinga tu. Mkanda wa soksi haujazi hata begi la mgongoni, na haufai kuachwa nyumbani.

Sasa mwili. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake inaongezeka mara nne, na R44 tupu ina uzito wa kilo 700 hivi. Funga pembe nne, pale bomba za kukingama zinapokutana na skidi. Usifunge kwenye mkia, bawa dogo la nyuma wala vishikio vya milango. Kamba zishuke kwa mwelekeo wa nyuzi 45 hivi, kwenda nje. Kamba ya katani husinyaa ikilowa, na iliyokazwa ikiwa kavu itaivuta helikopta usiku. Nailoni yenye unene wa milimita 12 inafaa zaidi, ila hunyumbuka. Acha ulegevu wa sentimita mbili na nusu hivi. Funga fundo lisilojikaza wala kujifungua. Fundo la kuvuta mara moja likafunguka halifai hapa.

Vigingi vifupi vya hema havina maana kwenye udongo uliolowa. Chuma cha sentimita 90 kipigwe hadi theluthi mbili ziingie ardhini, kikiinamia mbali na helikopta. Penye udongo laini zika gogo: chimba mtaro wa sentimita 75 kwenda chini, laza gogo la urefu wa mita moja na unene wa mguu wa mtu, likingame na mvuto wa kamba, chonga mfereji mwembamba kamba itokee humo kwa mteremko, kisha fukia ukishindilia kila tabaka. Ni kazi ya saa nzima kwa watu wawili kwa kila pembe. Ukiwa na muda wa magogo mawili tu, yazike upande wa pua.

Ziba bomba la pitoti (linalopima kasi), tundu za statiki (zinazopima kanieneo ya hewa) na mdomo wa hewa ya injini. Nyigu wa udongo hawahitaji zaidi ya siku moja kulijaza bomba. Ekzosi ingoje ipoe. Andika idadi ya vizibo kwenye karatasi, uibandike kwenye dashibodi. Milango ifungwe kwa komeo na mkanda wa ziada, kwa maana mlango uliofunguliwa na upepo hung'oka na bawaba zake. Turubai lisilo la kipimo halifai juu ya vioo: linapepea huku vumbi likiwa chini yake, na vioo vya plastiki vinachubuka. Kwenye vilima vya Kericho na Nandi, wakulima wa chai wanaijua vizuri mvua ya mawe. Huko weka sponji nene chini ya turubai lililokazwa sana.

Kujaza tanki huongeza uzito (lita 100 za avgas, petroli ya ndege, ni kilo 72) na hupunguza unyevu ndani. Lakini ukiwa mita 2,300 juu ya bahari na abiria watatu, huenda asubuhi isiweze kuinuka. Jaza ikiwa tu hesabu ya kuondoka inaruhusu.

Kabla ya kuiacha, funga mpango wa safari kwa waongoza ndege, la sivyo utafutaji utaanza wakati nyinyi mko salama. Mwarifu chifu au mwenyekiti wa kijiji, na uweke mlinzi. Mwelekeze asijikinge mvua chini ya mkia au mapanga. Boma la miiba dhidi ya mifugo likae mita 15 mbali, kwa sababu matawi yake yanarushwa na upepo.

Asubuhi, kagua kabla ya kufungua. Tazama mkia chini ya panga, mikunjo kwenye ukingo wa nyuma wa mapanga, na alama ndogo za kuungua kwenye ncha. Ukiona za kuungua, usiruke. Radi huweza kuchimba vishimo kwenye meno ya giaboksi na kwenye beringi bila alama kubwa nje. Toa mafuta kidogo chini ya kila tanki kwenye chupa safi, maana maji hukaa chini. Fungua mapanga, zungusha rota kwa mkono mizunguko kamili, sikiliza.

Kisha skidi. Chimbua udongo hadi kila skidi iwe huru na itikisike. Skidi moja ikinasa, au kamba moja ikisahaulika, helikopta ikiinuka inajizungusha juu ya hicho kinachoishika na kupinduka kwa sekunde chache, na rubani hana muda wa kurekebisha. Kusanya kamba zote nne na mkanda wa mapanga, zipange ardhini mbele ya pua ambapo rubani anaziona akiwa kitini, hesabu tano. Zipakie ndiyo uwashe injini.