Kabla Hujaanza Kumtafuta Babu wa Babu kwenye Makaratasi

Nazungumzia kwetu, Mbinga na Songea, mkoani Ruvuma. Wa mikoa mingine chukua kinachokufaa.

Kwanza, majina, na uyakusanye yote kabla hujatoka nyumbani. Mmatengo, yaani mtu wa kabila la huku Mbinga, aliyezaliwa kabla ya vita ya Mjerumani anaweza kuwa na jina la utotoni, la ukoo, la ubatizo, na jingine alilomtajia karani wa mkonge. Ukienda na moja tu, umepoteza nauli.

Pili, umri. Usimuulize mzee mwaka, muulize tukio. Wakati wa Majimaji, 1905 hadi 1907, babu alikuwa anabebwa mgongoni au alishaanza kuchunga mbuzi? Hilo litajibiwa. Cheti cha kuzaliwa cha enzi hizo kisahau, huko vijijini havikuwepo.

Tatu, parokia. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wako Peramiho tangu 1898, na ubatizo waliuandika kwa Kilatini, hivyo Yohane mtafute kwenye Joannes na Yosefu kwenye Josephus. Soma na pembeni mwa ukurasa, maana ndoa mara nyingi iliongezwa hapo miaka mingi baadaye. Parokia changa huenda ilimegwa kutoka kwa kongwe, na kitabu cha zamani kikabaki huko, kwa hiyo uliza. Mpigie paroko simu mapema, na usimfuate Jumapili wala Juma Kuu. Kama kwenu ni kando ya Ziwa Nyasa, anza na Waanglikana.

Nne, Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kuna majalada ya Mjerumani na ya Mwingereza, ila mkulima wa kawaida hatajwi ovyo. Anatokea akiwa na kesi, au akiwa jumbe. Mjerumani aliandika Ssongea, kwa S mbili, kwa hiyo jaribu kila tahajia. Kama mzee alikwenda manamba Tanga, yaani kibarua cha mkonge, kumbuka kuwa karani alimwandika kabila alilolisikia yeye. Kama alikufa akiwa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, huko Burma, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina kwenye intaneti, bure.

Tano, na hapa nisikilize vizuri: usianze na shamba.

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alifika kijijini na daftari jipya na simu yenye ramani. Alishasoma kwamba Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini ilihamisha watu, akaona ili ayapate mahame ya babu, yaani makazi yaliyoachwa, aanze na mipaka ya shamba la zamani. Ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, hata chai haijapoa. Baba mkubwa akatulia, kisha akamuuliza, "Mwanangu, mpaka unauulizia wa nini?" Akajibu, "Historia tu, baba."

Historia! Umatengo, ambako kahawa na ngoro, yale mashamba yetu ya mashimo, zimebanana mpaka kwenye miteremko mikali, hakuna anayeuliza mpaka kwa ajili ya historia. Kufika magharibi ukoo mzima ulishasikia kwamba kijana wa mjini amekuja kupima shamba. Asubuhi kikao, na mwenyekiti wa kitongoji ameitwa. Hakuna aliyemtukana, walimpa hata kiti kizuri. Lakini alipoomba kuliona sanduku la bati, lile ambalo wote tuliliona utotoni, lenye stakabadhi za kodi zilizofungwa kwa kamba ya katani na kadi ya ubatizo iliyoliwa na mende pembeni, aliambiwa ufunguo umepotea. Baba mkubwa ameshafariki, na ufunguo bado umepotea.

Kwa hiyo nenda na mtu wanayemwamini. Shangazi anafaa kuliko wote. Toa sukari yako, sema mbele ya wote unatafuta nini na utawaachia nakala. Uliza safari, ndoa, njaa, jina la nyapara. Maneno mpaka, hekta, hati na mirathi yasitoke kinywani mwako, na usizunguke makaburini umeinua simu kabla hujaambiwa piga.

Ukifunguliwa sanduku, piga picha hapohapo na karatasi zibaki hapohapo. Usizipige laminesheni, zitaharibika. Usimpe mtu "akusaidie kuskani mjini." Mkienda wawili, mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike. Na angalia msimu. Kuanzia Desemba hadi Aprili njia za milimani ni utelezi mtupu, bodaboda wenyewe wanakataa, na kahawa ikishaanza kuvunwa hakuna mwenye muda wa kukaa nawe. Jipangie Mei, na usiondoke bila sweta.