Somo: Mpangilio wa kazi ya kulifufua lori la zamani kuanzia chesisi

Assalaam alaykum wanachama. Swali la "nianze na rangi au injini?" nimelijibu mara nyingi mno, hata mke wangu akanishauri niandike jibu moja nilibandike mlangoni. Nimeliandika hapa. Lori langu ni Bedford TJ, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, lile lenye pua ambalo wengi wetu tulilipanda utotoni likiwa limejengewa bodi la mbao. Nimelishughulikia hapa Chake Chake kwa miaka minne, na mmoja katika hiyo niliupoteza kwa kukosea mpangilio tu.

Kanuni yangu ni kwamba kazi inayoharibu itangulie kazi inayoharibika: moto wa kuchomelea huunguza rangi, mafuta ya breki huila rangi, na vumbi la msasa huiingia injini iliyo wazi.

1. Piga picha kila upande kabla ya kufungua nati hata moja.

2. Pima chesisi, yaani fremu ya chuma inayolibeba lori zima, kwa mshazari, kutoka tundu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana, chesisi imepinda, na hilo lirekebishwe kabla ya jingine lolote.

3. Fungua, ukiziweka bolti za kila sehemu kwenye kopo lake. Wino hufutika ukiguswa na petroli. Mimi nilikata vipande vya makopo ya soda, nikaviandika kwa ncha ya msumari na kuvifunga kwa waya.

4. Injini ikaguliwe mapema lakini iungwe mwishoni. Pima silinda ujue unahitaji pistoni za kipimo gani, kwa sababu vifaa vya Bedford havipatikani kwa siku moja, na utavitafuta Gerezani, Dar es Salaam, au utaviagiza Uingereza huku kazi ya chesisi ikiendelea. Injini iliyoungwa ikalala misimu miwili ya masika bila kuwashwa hushika kutu ndani.

5. Chesisi, springi na ekseli. Kwangua sehemu unayoweza kuipaka praima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) siku hiyo hiyo, kwani kwa hewa yetu ya bahari chuma kilichokwanguliwa asubuhi huanza wekundu kufikia jioni.

6. Kabini. Kabla ya kukata sakafu iliyooza, chomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa milango, uwazi huo usije ukajifinya.

7. Kufunga kavu, yaani kulifunga lori zima bila rangi. Hapa ndipo nilipoanguka. Mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, niliipaka kabini rangi ya buluu ikang'aa hata majirani wakaja kujitazama. Tukaibeba watu wanane hadi juu ya chesisi, tukakuta mguu wa kabini wa nyuma kushoto umepishana na tundu lake kwa upana wa vidole viwili, kwa sababu boriti moja ya chesisi ilikuwa imebadilishwa na hakuna aliyejaribisha. Ikabidi kuchomelea. Rangi ikatoa malengelenge hadi chini ya dirisha, kisha mlango ukawa unakwaruza pembe ya chini kila ukifungwa, na nilipokuwa nahangaika na mlango masika ikaingia. Kwa hiyo fungeni kila kitu kikiwa kitupu: kabini, milango, boneti, madigadi, radieta, usukani, bomba la moshi, hata mbao za kubebea bodi. Toboeni matundu yote ya waya na ya bomba za breki. Angalizo: msiridhike kwa kuegesha tu, bolti zikazwe, kwa sababu mlango unaofunga vizuri bolti zikiwa legevu hukwama zikikazwa. Angalizo la pili: kioo cha mbele nacho kijaribishwe, pamoja na mpira wake. Kisha fungueni tena vyote. Inauma, lakini inauma mara moja.

8. Rangi, msimu wa ukavu.

9. Bomba za breki, waya, injini, kisha bodi la mbao. Tairi zinunuliwe mwisho, kwa kuwa huzeeka hata zikiwa zimesimama.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Fuoni: Nina lori kama hilo. Nianze na rangi au injini?

Jibu: Soma hatua ya 4 na ya 8.

Spana Mkononi: Fundi wangu hupaka rangi kwanza, na magari yake hutoka mazuri. Nahisi unawatisha watu.

Jibu: Fundi wako hupaka gari ambalo halikufunguliwa, na hapo ana haki. Mimi nazungumzia lori lililobaki vipande, chesisi imekatwa na kabini imekatwa. Ukitaka kunikosoa, nikosoe kwa nililoliandika.

Mvuvi Mstaafu: Tangi la mafuta limetoboka. Nimelianika juani wiki nzima. Nilichomelee katika hatua ipi?

Jibu: Usilichomelee katika hatua yoyote, mzee wangu. Tangi tupu lina mvuke wa petroli, nao ndio unaolipuka. Tafuta tangi jingine, au uchongeshe jipya.

Binti wa Wete: Nilikwangua madigadi mpaka chuma cheupe, nikayaosha, nikayakausha, nikapaka praima. Baada ya miezi miwili yametoka vipele vidogo vyenye maji ndani. Nilikosea wapi, ilhali kutu yote niliitoa?

Jibu: Umeuliza swali zuri, mwanangu. Uliyaosha kwa maji gani? Chumvi ikibaki juu ya chuma huvuta unyevu kupitia kwenye rangi, na vipele vyenye maji ndiyo dalili yake. Weka matone ya maji hayo juu ya kioo, uyaache yakauke juani, kisha utazame.

Gari la Mbao: Nyongeza kidogo. Bolti za Bedford ni za inchi. Msilazimishe nati ya milimita. Huingia mizunguko miwili kisha hula uzi.

Jibu: Ahsante sana. Hilo nililisahau, na spana ziwe za inchi vilevile.

Binti wa Wete: Maji ni ya kisima cha nyumbani. Kioo kimebaki na duara jeupe kwa kila tone.

Jibu: Basi kwangua upya, na uoshe kwa maji ya mvua. Vuli ikianza, acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha ndiyo utege ndoo.